Jiwe Nililotoa Kwa Waliobaki

Nilipokuwa mtoto, Kasingirima nzima, mtaa wetu wa Ujiji, ilijua kwamba mdomo wangu Mungu alisahau kuuwekea kifuniko. Nalisema mapema usije ukashangaa mbele. Mimi na shule tuliachana kidato cha pili, na nani alimwacha mwenzake sikwambii, lakini leo gari ni langu, wageni ni wangu, na wenye vyeti vyao ndio wanaonipigia simu niwasimulie habari za Ujiji. Waulize. Watakwambia Mwaju akianza hana kituo. Nazungumzia kila kitu: njia ya misafara, nyumba za udongo za Waarabu na milango yake ya nakshi, bandari ya zamani ambako ziwa limerudi nyuma na watu wamepanda mahindi. Mahali pamoja tu ndipo nanyamaza. Wageni hudhani nimechoka. Mimi, nichoke kuongea!

Nilikuwa na miaka tisa, shule zimefungwa. Gari wakati huo lilikuwa la Ba'mdogo Ramadhani, mdogo wake baba. Huyo bwana alikuwa mtu wa maneno saba kwa siku, na kwenye hayo saba utoe na salamu. Sasa mtu wa namna hiyo anatembezaje wageni? Anawafikisha, ananyoosha kidole, anasema "hapa", anakwenda kuwasha sigara. Ndiyo maana asubuhi ile niliingia garini mapema, nikakaa nyuma, nikakikumbatia kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Akanifungulia mlango nishuke.

"Sishuki," nikasema. "Mgeni ni wa siku nzima, tena peke yake. Nani atampa habari? Wewe?"

Bibi, mama yake, alikuwa kibarazani anapepeta dagaa. Akacheka. "Mwache aende, Ramadhani. Atakayechoka ni mgeni." Halafu akaacha kucheka, akaja mpaka dirishani na ungo wake mkononi.

"Mwajuma. Mkifika Kwa Waliobaki unafanya nini?"

"Naweka jiwe."

"Halafu?"

"Nanyamaza."

"Na kutoa?"

"Hatutoi, Bibi. Hata mbuzi anajua."

"Mbuzi anajua. Ninayemwogopa ni wewe."

Kwa Waliobaki ni rundo la mawe kando ya njia ya zamani, pale unapoanza kupanda kuliacha ziwa. Leo linanifika kiunoni, wakati ule lilinifika kifuani. Apitaye kwa miguu huokota jiwe akaongeza. Bibi alikuwa amenieleza sababu, na alinieleza akiwa anatazama pembeni, kama mtu anayesema habari za jirani aliye karibu. Misafara ilipokuwa ikipanda kutoka ziwani na watu wa minyororo, aliyeishiwa nguvu alifunguliwa akaachwa palepale, wengine wakaendelea. Hakuna aliyemchimbia. Na sisi mtu akifa, kila aliyefika makaburini humtupia konzi tatu za udongo, hata kama mlikuwa hamsemeshani. Wale hawakupata hata konzi moja. Basi kila jiwe pale ni udongo wa mmoja wao, uliochelewa.

"Ukilitoa umemfukua," Bibi alisema. "Atakufuata mpaka umzike tena. Na hutamsikia. Alizoeshwa kutembea nyuma ya mtu, kimya."

Mgeni tulimkuta Kigoma mjini, nje ya nyumba ya wageni, ameshavaa kofia. Bibi kizee wa kizungu, mwembamba, koti refu la kijivu juani. Nikampa shikamoo kwa sauti ya kumshtua.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Kiswahili kimenyooka kama shuka iliyopigwa pasi! Kumbe alikuwa amefundisha shule ya wasichana huko milimani alipokuwa binti, na sasa alikuwa amekuja kuaga kabla magoti hayajamkatalia. Tukamwita Mwalimu Nora. Kwao Ayalandi alikuwa na kazi ileile ya Ba'mdogo: anapakia watu wawili watatu kwenye gari dogo, anawazungusha siku moja, anawaonyesha mawe ya watu wa kale.

"Mawe tu?" nikamuuliza.

"Kwetu tuna mawe na mvua. Mvua hawalipii kuiona."

Nikampenda. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni mwa koti, na sikumbuki kuuona ukitoka humo asubuhi yote, hata alipokuwa akipanda gari.

Tukapitia kituo cha mafuta. Aliyekuwa akijaza ni dada mmoja anaitwa Anjela, kijana bado, mwenye utani na madereva wote. Akainama, akasalimia kwa Kiha, akachungulia nyuma nilikokaa.

"Mwakeye, Ramadhani. Hao watoto wako wawili wasichezee mlango."

"Ni mmoja," Ba'mdogo akasema. "Kelele ndizo za wawili."

Tukacheka sote, Mwalimu Nora zaidi. Nikahesabu: maneno sita. Alibakiwa na moja mpaka jioni.

Basi nikaanza kazi. Kwenye makumbusho nikamwonyesha zile sanamu za wazungu wawili wanaovuliana kofia. Nikamwambia wazi: "Hawa walisalimiana tu. Mimi nasalimia watu arobaini kwa siku na hakuna aliyenichonga." Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia kwao kuna kaburi la mawe, kubwa kama kilima, lilijengwa kabla ya manabii unaowajua. Juu ya mlango wake kuna tundu. Mwaka mzima ndani ni giza. Siku ile iliyo fupi kuliko zote, jua likichomoza, mwanga hupenya kwenye tundu, hutambaa sakafuni mpaka chumba cha ndani kabisa, hukaa dakika chache, ukaondoka.

"Kilima kizima kwa ajili ya dakika chache?"

"Ili waliomo wasisahaulike kabisa."

Nikampeleka kwenye mlango wa nakshi. Akausifu, akanilipa kwa mnara wa kwao: mwembamba, wa mawe, wa watawa wa zamani, mlango wake uko juu kama urefu wa watu wawili. Wavamizi wakija, watawa wanapanda ngazi, wanaivuta ndani.

"Na wavamizi wakiwasha moto chini?"

"Ndivyo walivyofanya."

Unaona mchezo? Kila nikimpa kimoja ananirudishia kimoja, na chake kila mara kina umri mkubwa kuliko changu. Kufikia saa tano nilishaanza kununa. Mimi nishindwe Ujiji, kwetu, na mtu wa mvua!

Tulipofika Kwa Waliobaki nilisahau agizo la kunyamaza kabla hata gari halijazima. Nikamweleza yote, minyororo, udongo uliochelewa, na namna mtu anavyofuatwa. Nilitaka aogope. Hakuogopa. Alisimama mbele ya lile rundo na uso wake ukabadilika, kama mtu aliyefungua barua akakuta mwandiko anaoujua.

"Walikuwa na majina?" akauliza.

"Hayajulikani. Tena hawaitwi."

"Kwetu kuna maboma ya udongo, ya duara," akasema polepole. "Wakulima wa kale walikaa humo na ng'ombe wao. Sasa ni majani matupu. Watu wanasema yana wenyewe. Hapalimwi ndani, haukatwi mti, haliondolewi jiwe."

"Likiondolewa?"

"Wanalifuata."

Ba'mdogo aliweka jiwe, Mwalimu akaweka jiwe, wakageuka kurudi garini. Nami nikabaki na hasira yangu. Hata hilo alikuwa nalo kwao! Na hapo ndipo nililiona: jiwe bapa, jekundu, lenye mstari mweupe katikati kama mshipi. Nikawaza, hili hana. Na Bibi huyohuyo ndiye aliyenifundisha kwamba mgeni haondoki mikono mitupu. Unaweza kuona nilivyojipangia. Sikuwa natoa jiwe, nilikuwa namkirimu mgeni. Nikalichomoa, nikafika garini kabla yao, nikalisukuma chini kabisa kwenye mkoba wake alioacha kitini, chini ya mwavuli.

Chakula cha mchana tulikula kwa mama lishe mmoja karibu na soko. Akaja na sahani za ugali wa muhogo na migebuka ya ziwani iliyoungwa kwa mawese. Mbili kubwa. Akarudi jikoni, akaja na mbili ndogo.

Ba'mdogo akainua vidole vitatu.

"Watatu wapi?" mama lishe akasema. "Na huyu mdogo hali? Mnamnyima kwa kosa gani?" Akaelekeza kidevu kwenye benchi, upande wa Mwalimu Nora. Kisha akatazama vizuri. Akafuta mikono kwenye kanga, mara ya kwanza, mara ya pili. "Haya," akasema kwa sauti ndogo, "iacheni tu hapo."

Tukala tukiitazama ile sahani ya nne. Nakwambia nilichokiona, usiniamini ukitaka: zote zilitoka chungu kimoja, lakini zetu zilikuwa bado zinafuka moshi wakati ile ilishapoa, mawese yameganda juu yake kama nta. Mimi ambaye huwa nafuta sahani kwa kidole niliacha nusu. Mwalimu Nora alikula kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni.

Tukashuka bandari ya zamani. Kijana mmoja alikuwa ameketi anashona nyavu, wavu umetandazwa nyuma yake hadi kwenye mahindi. Hata salamu yangu hakuipokea vizuri.

"We mtoto, mwambie mwenzio atoke kwenye wavu. Atajinasa."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Lakini wavu ulikuwa umebonyea mahali pamoja, duara dogo, kama mtu ameukalia amekunja magoti. Nilipokuwa nautazama, ukainuka taratibu, ukanyooka.

Mwili ulinisisimka mpaka kwenye fizi. Nilirudi garini nimemshika Ba'mdogo shati, nikakaa nimejibana kwenye mlango, nusu ya kiti nimeiacha. Sikuthubutu kuweka kiganja upande ule. Niliogopa nikikuta pana joto.

Na humo garini, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikawaza jambo hadi mwisho. Kesho asubuhi Mwalimu anapanda treni, baada ya treni ndege, na mkoba wake mgongoni. Ndani ya mkoba yumo mtu wa Kwa Waliobaki. Mtu huyo alikufa akipelekwa pwani kuvushwa bahari, akaanguka njiani, na kuanguka kule ndiko kulikomwokoa asivushwe. Sasa atavushwa. Na atakayekuwa amemvusha si Mwarabu, ni mimi Mwajuma. Huko mbali, kwenye mvua, nani atajua kwamba anahitaji kuzikwa? Atatembea nyuma ya yule bibi kimya mpaka lini?

Lakini kusema! Mimi ndiye niliyejifanya najua. Ningeonekana mjinga mbele ya mgeni, na Ba'mdogo asingenibeba tena milele. Nikafumba mdomo. Tukapita msikiti, tukapita gereji. Mwalimu Nora akaanza kutetemeka, jua lote lile, akasema anasikia baridi miguuni tu, kama mtu amemlalia.

"Ba'mdogo, simama," nikasema. "Simama! Nimetoa jiwe. Liko kwenye mkoba wake."

Gari likasimama katikati ya barabara. Ba'mdogo akanigeukia.

"Umetoa?"

Hilo lilikuwa neno la saba.

Nikaanza kulia na kujieleza kwa pamoja, zawadi, mgeni, mstari mweupe. Nilingoja kofi. Mwalimu Nora alifungua mkoba, akatoa mwavuli, akalitoa lile jiwe akaliweka magotini. Hakunigombeza. Alilitazama muda mrefu. Kisha, hatimaye, mkono wake ukatoka mfukoni. Ulikuwa umeshika kijiwe cheupe, laini, kidogo kama yai la njiwa.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Humu garini wezi wa mawe ni wawili."

Akatuambia. Kabla yake alizaliwa kaka yake, ambaye hakupata kulia hata mara moja. Alikufa kabla ya kubatizwa, na siku hizo mtoto wa namna hiyo hakuruhusiwa kuzikwa makaburini pamoja na watu. Baba yao alimweka kwenye sanduku la sabuni, akaenda naye kulipopambazuka kwenye lile boma la duara, la wenyewe, ambako watoto wa hivyo walizikwa bila padre, akaweka kijiwe bila jina. Mama hakuruhusiwa kwenda. Lakini alimhesabia miaka. Wakiwa mezani alikuwa akisema tu, leo angetimiza mitatu. Leo minne. Alipofika sita, baba akasema basi, asisikie tena. Mama akaacha kuhesabu.

"Uzee wangu wote napeleka wageni pale," Mwalimu akasema, "nawaambia, msiguse jiwe. Safari hii, kabla ya kuja huku, nikaenda peke yangu nikalichukua la kwake. Nilitaka aone mahali nilipokuwa na furaha."

Ba'mdogo aligeuza gari.

Tulifika Kwa Waliobaki jua lingali juu ya milima ya Kongo. Nikarudisha jiwe langu palepale, kwenye shimo lake, nikalikandamiza. Mwalimu Nora akapiga magoti yake mabovu, akatafuta nafasi katikati ya mawe makubwa, akakiingiza kile cheupe humo kama mtu anayemlaza mtoto katikati ya nduguze. Nami nikafanya nilichoona watu wakifanya makaburini: nikachota udongo, konzi moja, ya pili, ya tatu. Ba'mdogo akachota. Mwalimu akachota. Ba'mdogo akafungua viganja akasoma Fatiha kimoyomoyo, Mwalimu akapiga ishara ya msalaba, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amekosea.

Kurudi, nilijaribu kuweka kiganja upande wa pili wa kiti. Palikuwa pamepoa tu, kama kiti chochote. Kwenye nyumba ya wageni mlinzi akafungua geti: "Karibuni, wote watatu." Sijawahi kufurahia hesabu kama ile. Mwalimu Nora aliniaga kwa mikono yote miwili.

Nilijisifu, wewe acha! Miaka na miaka Kasingirima haikupumua. Mimi ndiye niliyemrudisha mtu wa msafara kaburini kwake, nikiwa na miaka tisa. Bibi peke yake hakunipigia makofi. Usiku nilipomsimulia aliuliza swali moja tu: "Alianza kuwafuata kuanzia wapi?"

"Kuanzia niliposhika jiwe, Bibi."

"Sawa," akasema, akaendelea na tasbihi yake. Bibi ameshakwenda, na mimi nilimtupia konzi tatu. Lile swali sikulielewa mpaka mwaka jana.

Mwaka jana nilikwenda kujaza mafuta. Anjela bado yuko, sasa ndiye mkubwa wa kituo, mwenye mvi na miwani. Tukakumbushana ya zamani, nami bila shaka nikaanza tena habari ya jiwe langu. Akanikatiza.

"Na yule mdogo mlikuwa mmempeleka wapi?"

"Mdogo gani?"

"Si wa yule bibi? Mtoto wa kizungu, kama wa miaka sita hivi, nywele kama ndevu za mahindi. Alikaa ubavuni mwako anachezea kitasa. Niliwaambia asichezee mlango, Ramadhani akafanya utani."

Ilikuwa asubuhi. Tulikuwa bado hatujafika hata makumbusho. Jiwe langu lilikuwa bado limelala mahali pake, na mwenye jiwe hilo amelala chini yake.

Nililipa mafuta nikasahau chenji, nikaenda kuegesha gari kando ya barabara. Kumbe sikumrudisha mtu wa msafara. Yeye huenda hata hakuamka. Aliyekula nasi alikuja kutoka mbali zaidi, nyuma ya dada yake, kimya, akiwa na umri uleule walipoacha kumhesabia. Kwao walimnyima makaburi ya watu. Akaja kupewa nafasi Ujiji, na watu ambao nao walinyimwa, kwa udongo wa mtoto mmoja mropokaji na dereva asiyesema. Na bila wizi wangu tusingerudi pale. Nimejaribu kujivunia hilo, sijui kwa nini haliji.

Sina anwani ya Mwalimu Nora. Sijui kama yuko hai, wala sijui kama alijua. Nadhani alijua. Mtu hakai siku nzima ameshika mkono mfukoni kwa ajili ya kijiwe.

Nikiwapeleka wageni pale siku hizi, naweka mawe mawili, kubwa na dogo, halafu nakaa kimya. Wanasubiri niseme. Wengine wananitania, "Mwaju, leo vipi, betri imekwisha?" Natikisa kichwa tu, nawaonyesha kwa kidole kama Ba'mdogo, na tukirudi garini nawaomba wafunge milango taratibu. Nisingenyamazia wafu, mimi nawajua, wamenizoea. Lakini mtoto amelala.